Muulize Mwalimu wa Hesabu: “Mwanangu asema 47 na 38 ni 715”

Barua tatu za toleo hili zinahusu jambo moja: watoto wadogo wanapotoka kwenye nambari za vidole wakaingia kwenye nambari kubwa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyobeba shina la zote.

SWALI

Salaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni. Wa kati yuko gredi ya pili. Nambari ndogo hazimsumbui, 6 na 3 akujibu papo hapo. Taabu imeanza walipoingia nambari za tarakimu mbili. Juzi alipewa 47 + 38 akaandika 715. Nilipomwambia si sawa alilia, akasema mwalimu amewaambia wajumlishe kila moja na ya chini yake. Babake akamfundisha “andika tano, beba moja”, na tangu hapo abeba kila mahali: 42 + 31 kaandika 83. Alasiri huenda madrasa, na huko huandika kutoka kulia. Mara nyengine 23 huiandika 32. Shangazi yake asema nimtoe madrasa kwanza mpaka hesabu zikae, tena nisimsemeshe hesabu kwa Kiswahili kwa sababu shuleni wasoma kwa Kiingereza. Nifanyeje?
— Mama, Kisauni

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu. Mwanao hana kasoro. Itazame tena hiyo 715. 4 na 3 ni 7, amepata. 7 na 8 ni 15, amepata. Hakuna aliposhindwa kujumlisha. Kilichompita ni kwamba ile 4 ya kwenye 47 ni arobaini, na ile 3 ya kwenye 38 ni thelathini, kwa hiyo 7 aliyoiandika ni sabini. Na ile 15 ya upande wa kulia ina kumi ndani yake, ambayo yatakiwa ihamie kwa makumi wenzake. Yeye aliona tarakimu zimesimama jozijozi, akajumlisha kila jozi, akaandika alichopata. Alitii alichoambiwa. “Beba moja” ya babake ikawa amri ya pili juu ya ile ya kwanza, na mtoto mtiifu hutii zote, ndiyo maana abeba hata kwenye 42 na 31, ambako 2 na 1 hazikaribii kumi.

Kabla ya kumfundisha lolote, mpime kidogo. Chukua komwe za bao, au kokwa za ukwaju, kumi na sita. Mwambie azihesabu kisha aandike nambari yake kwenye karatasi. Akishaandika 16, izungushie duara ile 6 umuulize: “Hii yaonyesha komwe zipi?” Atazitenga sita. Sasa izungushie duara ile 1: “Na hii je?” Hapo mtazame kwa makini. Watoto wengi wa umri huo watatenga komwe moja tu. Muulize zile tisa zilizobaki ni za nani kwenye nambari, naye atakutazama asijue la kusema. Jaribio hili lilipata sifa kupitia Constance Kamii, mtafiti aliyefuata njia ya Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, na kufanya kazi yake Marekani. Naye pia aliona watoto wengi wa madarasa ya chini wakitoa kimoja badala ya kumi. Nami nimeliona jambo hilohilo kwa watoto wa hapa Mombasa, wa Majengo na wa Tudor, wenye akili nzuri kabisa, wanaosoma mpaka mia bila kukwama.

Mwanao akitenga moja, weka kando hesabu zote za kusimamisha, zile za nambari moja juu ya nyengine. Kila utakachomfundisha juu ya hapo atakishika kwa kukariri, na cha kukariri hupotea mtihani ukibadilisha swali kidogo tu.

Kinachohitajika ni kumi aishike mkononi. Nunua ufagio wa mnazi, mmoja watosha. Katakata vijiti vyake viwe na urefu wa kidole, utapata mamia. Tafuta mipira ile midogo ya kufungia pesa. Sharti liwe moja: vijiti vikifika kumi, hufungwa, na fungu hilo laitwa kumi. Afunge mwenyewe. Usimpe mafungu uliyoyafunga wewe, kwa sababu mtoto aliyehesabu kumi, akazikusanya, akazitia mpira, ajua kwa mikono yake kwamba fungu lile ni kitu kimoja na pia ni vitu kumi. Hilo ndilo jambo lenyewe, dada yangu. Kitu kimoja ambacho ni kumi. Mtoto akilielewa hilo, la mia halitamtisha, maana mia ni mafungu kumi yaliyotiwa kwenye mfuko mmoja, na elfu ni mifuko kumi.

Tandika mkeka, weka uzi katikati. Kulia ni nyumba ya mamoja, kushoto ni nyumba ya makumi. Kwenye mamoja hairuhusiwi kulala zaidi ya vijiti tisa. Chukueni dadu mbili za ludo, mrushe kwa zamu. Kila mtu achukue vijiti kwa idadi iliyotoka, na kila mara aangalie kama nyumba ya mamoja imejaa. Wa kwanza kufikisha mafungu kumi ameshinda. Dakika kumi baada ya chakula cha usiku zatosha, na ndugu zake nao wataka kucheza. Wakati wa kucheza muulize bila kumsumbua: “Sasa una ngapi?” Mwanzo atavihesabu vyote kimoja kimoja, hata vilivyofungwa. Mwache. Siku moja utamsikia anasema “kumi, ishirini, thelathini, thelathini na moja, na mbili”, bila kuambiwa na mtu. Siku hiyo ujue kazi kubwa imeshafanyika.

Kisha mrudishe kwenye ile 47 na 38. Aweke mafungu manne na vijiti saba, chini yake mafungu matatu na vijiti vinane. Mwambie: “Ziweke pamoja, uniambie ni ngapi.” Usimwelekeze aanzie wapi. Watoto wengi huanza na mafungu kwa sababu ndiyo makubwa, na hakuna ubaya. Atapata mafungu saba, na kwenye mamoja vijiti kumi na tano. Sharti analijua tayari: vimepita tisa, atafunga kumi, avipeleke upande wa pili. Sasa mafungu ni manane, vijiti vitano. Themanini na tano. Halafu mwambie akuonyeshe 715 kwa vijiti. Atahitaji mafungu sabini na moja. Acheke mwenyewe.

Kuandika kufuate kile ambacho mikono imefanya. Aandike hivi, kwa mistari yake mitatu:

40 + 30 = 70
7 + 8 = 15
70 + 15 = 85

Ni kirefu kuliko cha babake, lakini kila mstari una maana, na kosa likitokea utaliona liko mstari gani. Mwache akae hapo majuma mengi kadiri atakavyotaka. Vijiti vikianza kumchosha, achore: mstari uliosimama kwa kila kumi, nukta kwa kila moja. Mtoto anayechora mistari minne na nukta saba bila kusita yuko karibu kuacha vijiti kabisa.

Kuna jambo dogo linalokwamisha wengi hapa, nalo ni ile 7 na 8. Ikiwa bado anahesabu kwa vidole “nane, tisa, kumi…”, atakapofika mwisho atakuwa amesahau makumi aliyoyaacha nyuma. Kwa hiyo mzoeze marafiki wa kumi: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Yajue usingizini. Ukikaanga mahamri asubuhi, sinia ina manane na mengine saba yamo kwenye karai, muulize: “Mangapi ya karai yahamie kwenye sinia ili yawe kumi?” Mawili. “Kwenye karai yamebaki mangapi?” Matano. Kumi na tano. Ndivyo 7 na 8 inavyojumlishwa bila vidole, na ndiyo njia ileile itakayomfaa baadaye kwa 70 na 80, na kwa 700 na 800.

Na kabla ya hesabu yoyote, mwombe akisie. 47 iko karibu na 50, 38 iko karibu na 40. Basi jibu liko karibu na 90. Mtoto aliyezoea kukisia hawezi kuandika 715 akafunga daftari.

Sasa madrasa. Tafadhali usimtoe. Shangazi yake ana nia njema, lakini hapo atamnyima mtoto msaada anaoubeba kila alasiri. Ni kweli kwamba maandishi ya Kiarabu huenda kutoka kulia kwenda kushoto. Nambari zake, hata hivyo, zimekaa vilevile kama za shuleni: ٢٣ ni 23, makumi kushoto, mamoja kulia. Kinachotofautiana ni namna ya kuzitamka. Mwarabu husema thalatha wa ishrin, mamoja kwanza, makumi baadaye. Mkono unaotoka kulia huandika tatu, kisha ukasogea kushoto ukaandika mbili, na yote yakakaa sawa. Sisi twasema ishirini na tatu, makumi kwanza. Mwanao akiisikia kwa Kiswahili kisha mkono wake ukaanza kulia kama alivyozoea chuoni, ile mbili ya ishirini itaangukia kulia, na tatu kushoto. Hiyo ndiyo 32 yako. Usimgombeze. Mkalishe, mwandikie nambari zote mbili kwenye karatasi moja, ya shuleni juu na ya chuoni chini, umwonyeshe kwamba makumi yako kushoto kwenye zote. Kisha kila akiandika nambari aiweke kwanza mkekani kwa vijiti. Litanyooka.

Msaada wenyewe ni huu. Kwenye Kiswahili, sitini imefanana na sita, sabini na saba, tisini na tisa, mtoto husikia. Lakini thelathini haifanani na tatu, wala arobaini na nne, wala hamsini na tano, wala themanini na nane. Mtoto asiyejua Kiarabu hukariri tu. Mwanao kila siku ahesabu thalatha, arbaa, khamsa, thamania. Mwambie asikilize: thalatha, thelathini. Arbaa, arobaini. Khamsa, hamsini. Ufunguo anao mdomoni tayari. Imebaki ishirini peke yake, nayo ataizoea kwa sababu huisikia kila siku.

Kuhusu lugha, zungumza naye hesabu kwa Kiswahili bila hofu yoyote. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: kumi imetajwa waziwazi kila mara, na kilichozidi kimetajwa baada yake. Kiingereza, kuanzia kumi na moja mpaka kumi na tisa, kimeificha kumi ndani ya neno moja, na watoto wengi wanaosoma kwa Kiingereza peke yake huchelewa kuiona. Wachina, Wajapani na Wakorea wana maneno yaliyo wazi zaidi ya yetu, maana hata ishirini kwao ni “mbili kumi”. Wewe pia waweza kusema hivyo nyumbani: ishirini, makumi mawili, hamsini, makumi matano. Mwambie akwambie kwa lugha zote mbili. Anachokielewa kwa Kiswahili hakitamtoka akifika darasani. Atakachohitaji huko ni jina lake tu.

Mwisho ni hesabu ya kusimamisha, ile ya babake. Itakuja, na ni nzuri sana. Nina ombi moja kwake: asiseme “beba moja”. Aseme “tano ikae kwa mamoja, kumi iende kwa makumi”. Na kabla ya kupeleka chochote, mtoto ajiulize: mamoja yamefika kumi? Kwenye 42 na 31 ni matatu tu. Hayajafika. Hakuna kinachohama. Tena hesabu hii huanzia kulia, upande uleule ambao mkono wake huanzia chuoni, hivyo hapo atakuwa nyumbani zaidi kuliko wenzake wengi.

Kuna wazazi huniuliza kama wanunue zile seti za vipande vya mbao au plastiki, vidogo vya moja, vijiti vya kumi na bapa za mia. Ziliingia sana mashuleni kwa juhudi za Zoltan Dienes, mwanahisabati aliyezaliwa Hungaria, na ni nzuri. Ila kumi yake imekuja imeshaunganishwa kiwandani. Kwa mtoto anayeanza, fungu alilolifunga mwenyewe lina faida zaidi, na ufagio bei yake waijua.

Sarafu zije baada ya vijiti. Ya shilingi kumi yenye simba haina sarafu kumi za shilingi moja, zile za twiga, ndani yake. Mtoto lazima aamini tu kwamba zinalingana. Akishaamini, cheza naye duka: twiga kumi wabadilishwe kwa simba mmoja, na simba kumi kwa noti ya mia. Zile za 5 na za 20 ziweke kando mpaka atulie.

SWALI

Mwalimu, salamu kutoka Likoni. Mimi ni babu, nimepita miaka sabini. Wajukuu wangu hupewa hesabu, badala ya kuzisimamisha kama tulivyofundishwa sisi, wachora mistari, wavunja nambari vipandevipande, wajaza ukurasa kwa hesabu moja. Sisi tulipigwa kiboko na tukajua. Kwa nini hawafundishwi njia moja iliyo fupi?
— Babu, Likoni

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Njia yako ni sahihi na wajukuu zako wataifikia, hakuna aliyeitupa. Wanachofanya sasa ni kuona kilichomo ndani yake kabla ya kuifupisha.

Nambari hizi tunazoziandika, ambapo tarakimu moja hubadilika thamani kwa kubadilisha nafasi, zilitoka Bara Hindi. Mwanahisabati wa huko, Brahmagupta, aliandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri mwaka 628. Al-Khwarizmi akaziandikia kitabu huko Baghdad katika karne ya tisa, na Leonardo wa Pisa, anayejulikana kwa jina la Fibonacci, akawaandikia Wazungu habari zake mwaka 1202. Kabla ya hapo mfanyabiashara wa Ulaya alisogeza vihesabio juu ya ubao wenye mistari, ndipo akaandika jibu kwa nambari za Kirumi. Jaribu kusimamisha XLVII juu ya XXXVIII ujumlishe kutoka kulia. Haiwezekani, kwa sababu herufi hizo hazina nafasi za makumi na mamoja. Ufupi wa njia yako umetokana na nafasi hizo. Mtoto asiyezijua hupewa ufupi bila sababu yake.

Lakini nakuomba ujitazame wewe mwenyewe, mzee wangu. Ukienda Marikiti ukanunua viungo vya 140 na nazi za 85, wajumlisha vipi kichwani? Sidhani kama wasimamisha 0 na 5 kwanza. Wengi wetu huchukua 60 kutoka kwenye 85, tukaifikisha 140 kwenye 200, tukaongeza 25 iliyobaki. 225. Wengine huanza na mia, kisha 40 na 80, kisha 5. Umeivunja nambari, kama wajukuu zako wanavyoivunja. Ile mistari wanayochora ni hiyohiyo: wanaanza 47, wanaruka 30 wafike 77, wanaruka 3 wafike 80, wanaruka 5 wafike 85. Kila mruko ni hatua ambayo wewe huipita kichwani bila kuiandika.

Wakae nawe jioni barazani, uwaulizie hesabu za sokoni, na uwaeleze kwa sauti ulivyopata jibu. Hakuna mwalimu anayeweza kuwapa hilo mmoja mmoja darasani. Kiboko tuache, mzee wangu. Mtoto anayeogopa hukimbilia kukisia jibu ili adhabu ipite, na mwalimu hapati kuona alipokwama.

SWALI

Mwalimu mwenzangu, nafundisha gredi ya tatu Changamwe, darasa limejaa. Nikisema mia tatu na tano, zaidi ya nusu huandika 3005. Na tukifika 305 + 47 huzisimamisha kuanzia kushoto, 4 chini ya 3, wakapata 775. Nimerudia mara nyingi “mamoja chini ya mamoja”. Vijiti kwa darasa zima siwezi.
— Mwalimu, Changamwe

JIBU

Mwenzangu, pole na kazi. Ile 3005 yatoka kwenye sikio. Wamesikia mia tatu, wakaandika 300. Wamesikia tano, wakaandika 5 mbele yake. Wamekuandikia ulichosema, neno kwa neno. Hawajajua kwamba zile sifuri mbili za 300 ni nafasi zinazongoja wenyewe, na kwamba tano ina haki ya kuja kukaa juu ya sifuri ya mwisho.

Kuwaeleza kwa mdomo hakutoshi, waone. Tumia kadi za kupandanisha. Kata kartoni: kadi fupi za 1 mpaka 9, kadi zenye urefu mara mbili za 10, 20, 30 mpaka 90, na kadi zenye urefu mara tatu za 100 mpaka 900. Kila tarakimu iwe na upana uleule. Mtoto achukue 300 na 5, aiweke 5 juu ya 300 huku kingo za kulia zikilingana. Itasomeka 305. Ainue 5, aione sifuri iliyokuwa chini yake. Airudishe. Kisha 300, 40 na 7: 347. Waichanue, waipandanishe, waichanue tena. Baada ya hapo waulize 305 ina kadi ngapi. Mbili. Ya makumi iko wapi? Haipo, ndiyo sababu sifuri imebaki inaonekana katikati. Maana ya sifuri wataipata hapo, bila wewe kuitafutia maelezo.

Kwa darasa lililojaa, seti moja kwa watoto wanne yatosha, na waikate wenyewe katika kipindi cha sanaa. Maboksi yapo kila duka, na ukiomba hupewa.

Kwa 305 na 47, wachanue kwanza: 300 na 5, 40 na 7. Mtoto aliyezishika kadi hizo hawezi kuiweka 40 chini ya 300, kwa sababu urefu wake unakataa. Wajumlishe wanaofanana: 300 peke yake, 40 peke yake, 5 na 7 ni 12. 300, 40 na 12. Wabadilishe 12 iwe kadi ya 10 na ya 2, na 40 na 10 iwe 50. 352. Ndipo waandike kwa kusimamisha, kwenye daftari la miraba, tarakimu moja kila mraba, na juu ya miraba waandike mamia, makumi, mamoja. Hesabu za mwanzo ziwe zenye urefu usiolingana kwa makusudi, kama 305 + 47, 8 + 126, 260 + 9. Vitabu vingi huwapa zinazolingana, ukurasa baada ya ukurasa, na mtoto hupata zote bila kufikiria nafasi hata mara moja. Ukiwapa 8 + 126, utajua ndani ya dakika mbili nani ameelewa na nani anafuata mstari wa kushoto.

Na usitoe hesabu ishirini. Toa tatu, uwaombe wakueleze moja kwa mdomo, kila mtu kwa jirani yake wa dawati, huku wewe ukipita katikati ukisikiliza. Atakayesema “nikapeleka moja” muulize hapohapo moja ya nini. Akijibu “ya makumi”, endelea na safari yako. Akinyamaza, mwekee kadi ya 10 mkononi, mkae naye mpaka aitaje.